Mama Hajafungwa

Nilikuwa nimeshamweka mama kwenye droo ya juu na naanza kuwalaza watoto kwenye droo za chini, upande wa kung'aa ukitazama chini, dada yangu alipoingia tena kwa mlango wa nyuma bila kubisha.

Kwa aliyeungana nasi leo, nieleze kidogo. Mimi nachoma CD na DVD, na watu wananiita Fundi. Diski ya kwanza, yenye kazi yenyewe, dukani kwangu tunaiita mama. Nakala zake ni watoto. Iliyoharibika ni maiti. Na tunazitaja kama watu: mama amekwaruzika, mtoto amekataa kuchomeka. Mke wangu alipoanza kunisaidia alikuwa akisema "mtoto imekataa", nikamrekebisha mpaka ulimi ukazoea. Mashine yenyewe tunaiita mnara. Mama anakaa juu, watoto chini yake, ukibonyeza kitufe watoto wote wanachomwa pamoja.

Wiki iliyopita niliwaachia pale dada aliponivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mke wangu ana mtoto na Fokasi.

Fokasi ni mpiga video anayeniletea kazi za harusi. Alipata jina hilo kwa sababu hawezi kupiga chochote bila kusema "ngoja fokasi ikae". Kijana mtanashati, fulana yake ina mifuko mingi kuliko nguo zangu zote. Mimi na mke wangu hatujajaliwa mtoto, na dada yangu, tangu aje kukaa nasi, anaitaja habari hiyo kama watu wengine wanavyotaja hali ya hewa.

Basi tangu siku ile nilikuwa nalitazama tumbo la mke wangu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Gauni lina doa?" aliniuliza asubuhi ile.

"Hapana."

"Mbona umelikodolea macho?"

"Zuri."

"Hili la kufanyia usafi?"

 Nilikwenda dukani kuchoma, huku nachomeka.

Dada alisimama mbele ya mnara, mikono kiunoni.

"Nyumba inaungua, wewe unachoma CD."

"Kazi ya watu, dada. Harusi ya binti wa mwenye saruji. Wanazitaka kesho."

"Harusi za watu! Na ndoa yako je?"

Mkono wangu ulitikisika. Diski ikaniponyoka, ikajiviringisha mpaka uvunguni mwa meza.

"Unaona? Hata mkono una hasira," alisema.

Nikamwamini. Niliinama, nikaiokota, nikaipuliza vumbi.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama michoro ya kijitabu cha mashine, na imenifundisha jambo moja. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Ikiwa na kasoro, mara nyingi kasoro iko ukingoni. Kwa hiyo mtoto simpimi kwa mwanzo wake. Naruka hadi dakika za mwisho, nazitazama hizo, ndipo nasema huyu mzima au huyu maiti.

"Dada, kaa," nilisema. "Nataka maneno yenyewe. Usinipe ulivyoelewa wewe, nipe alivyosema yeye."

"Si nimeshakwambia? Alisema ana mtoto na..."

"Alitamka hivyo?"

Alivuta pumzi. Akaweka kiganja sikioni kama simu, akabana sauti ikawa ya mke wangu kabisa. Kwa kuigiza, dada hana mpinzani.

"'Shemeji, mtoto wako yuko tayari. Nimeshamfunga vizuri, njoo umchukue. Mama anabaki kwangu. Ila Fundi asijue, tafadhali.' Haya! Nipe tafsiri nyingine. Amemfunga kwenye nguo, anamkabidhi kwa baba yake. Na mama anayebaki ni nani kama si yeye?"

"Umemwona akijifungua?"

"Mimi nikae mlangoni kwenu kuvizia? Wanawake wa siku hizi wana njia zao."

Nilimtazama. Halafu kicheko kikanitoka, kikubwa, mpaka nikashika mnara nisianguke.

Nyinyi mliosoma maelezo yangu pale juu mlishaelewa zamani. Mimi wivu ulikuwa umenijaa kichwani, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

"Dada, mtoto ni diski. Nakala. Mama ni ile ya kwanza."

"Na kumfunga?"

"Ukimaliza kurekodi lazima uifunge diski, kwa kitufe, ndipo mashine nyingine ziweze kuisoma. Usipoifunga, inasomeka kwenye mashine iliyoirekodi tu."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka.

"Watu wazima na akili zenu, mnaita sahani mama?"

"Ndiyo."

"Halafu mnashangaa kwa nini hampati watoto!"

Akatoka, akaubamiza mlango. Niliendelea kucheka peke yangu. Nilitaka mke wangu aingie muda uleule nimkumbatie mbele ya wateja.

Kisha kicheko kikakatika.

Kila mama anayeingia dukani kwangu anapita mikononi mwangu. Harusi, kwaya, mahafali, wote nawajua. Huyu mama anayebaki kwa mke wangu, ambaye Fundi asijue, ni mama gani? Ana nini ndani?

Ile mimba ya kuambiwa nikaanza kuitamani. Ingalau nilijua pa kutazama.

Sikupata muda wa kuwaza sana. Fokasi aliingia, kamera begani, anatafuna ubani.

"Kaka! Kazi inakwenda?"

"Inakwenda."

"Shemeji yupo?"

Zamani nisingeona kitu. Siku hiyo niliona: kamuulizia mke wangu kabla ya kuiulizia harusi aliyoniletea mwenyewe.

Kabla sijajibu alishainua kamera na kunielekezea. Ni mazoea yake. "Najaribu lenzi, kaka. Endelea tu na kazi, usinitazame. Ngoja fokasi ikae."

"Lenzi yako haiishi kujaribiwa?"

"Lenzi ni kama gari, kaka, isipotembea inakufa."

Mke wangu akaingia kutoka nyuma, anafuta mikono. Alipomwona Fokasi hakutabasamu, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu asiyetabasamu kwa mgeni mchangamfu hivyo ana sababu ya kujizuia. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la vifuniko alivyochapa, akachomoa bahasha chini yake, akampa.

"Vile vifuniko vya kwaya," aliniambia.

Sikuwa nimeuliza.

Fokasi akaipokea. Ndani ya bahasha kitu kigumu kikagonga, kwa mlio ninaoujua kuliko sauti ya mama mzazi. Karatasi hazigongi.

"Asante, shemeji," Fokasi alisema. "Nitampeleka leoleo."



"Nitavipeleka," alijirekebisha.

"Utampeleka nani?" niliuliza, kwa upole wangu uleule.

"Nani, kaka?"

"Umesema nitampeleka. Vifuniko havisemwi hivyo. Anasemwa hivyo mtoto."

Fokasi alimtazama mke wangu. Mke wangu alitazama sakafu.

"Ulimi, kaka. Umeteleza," alisema. Akacheka peke yake, akaondoka na bahasha yake.

"Naenda kununua vikasha," mke wangu alisema papo hapo. "Vya harusi havitatosha."

"Vimejaa stoo."

"Vile vina nyufa."

Akachukua mkoba. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona ya fundi viatu. Fokasi alipita kushoto, yeye akapita kulia. Hata hilo sikulipenda. Watu wasio na lao wangeongozana.

Niliuacha mnara na droo zake wazi, nikaanza kutafuta.

Mtu anayeshinda katikati ya diski akitaka kuficha diski ataificha wapi? Sikugusa kabati la nguo wala chini ya godoro. Niliinama chini ya kaunta, nikavuta boksi la maiti.

Maiti siwatupi. Mke wangu huwatoboa na kuwaning'iniza dirishani, wanametameta, wateja wanawaona kwa mbali. Mimi sishughuliki na boksi lile, na yeye analijua hilo.

Diski iliyoandikwa ina duara la rangi nyingine, linaanzia katikati, linatanuka kwenda nje kadiri kazi inavyokuwa ndefu. Maiti duara lake limekatika au lina mabaka. Niliwapindua mmoja mmoja kwenye mwanga. Baka, baka, mkwaruzo, baka. Halafu mmoja akatokea safi. Duara laini, limeishia nusu ya njia, bila doa. Upande wa juu kuna ua dogo la wino.

Ua lile mke wangu huchora kwenye vitu vyake mwenyewe. Liko kwenye kikombe chake. Liko kwenye ndoo yake.

Nilimtia kwenye mashine ya dukani. Ikazungukazunguka, ikamtema. Hakuna diski, iliandika.

Mama hajafungwa.

Mtu haachi mama wazi ila kwa sababu mbili. Amesahau, au bado ana kitu cha kuongeza. Mke wangu hasahau. Nilimfundisha mwenyewe.

Bado ana kitu cha kuongeza!  Chochote kilichomo humu hakijaisha. Kinaendelea, na mimi nipo hapa napanga harusi za watu.

Na kama hajafungwa, atasomeka kwenye mashine iliyomrekodi tu. Nikaiona studio ya Fokasi, mapazia yake mazito, kochi lake la wateja. Nilishika mlango niende huko nikamkabe.

Kisha nikakumbuka kwamba sebuleni kwangu, ng'ambo ya ua, ipo deki ya zamani ambayo naitumia kuhamisha kanda za watu kwenye diski. Niipime kwanza hiyo. Akikataa, nitajua wapi pa kwenda.

Dada alikuwa uani anaanika nguo.

"Umeshika nini?"

"Maiti."

"Mungu wangu!" Shati likamponyoka likaanguka mchangani.

Nilichomeka deki, nikawasha televisheni, nikamweka mama. Nilipiga magoti mbele yake na sikujua niombe akubali au akatae. Akikataa, ni studio ya Fokasi. Akikubali, ni nyumbani kwangu, nikiwa dukani, kwenye kochi ninalokaa mimi.

Akakubali.

Picha ya kwanza ulikuwa mgongo wangu.

Mimi, dukani, nalaza watoto kwenye mnara. "Najaribu lenzi, kaka," sauti ya Fokasi ilisema. Ya pili, mimi kaunta, naandika lebo. Ya tatu, mimi kwenye kochi lile lile, natazama vichekesho, kinywa wazi, nacheka. Ya nne, mimi nakunywa chai, kikombe kinagongana na kisahani. Kila sehemu ni mimi. Fokasi hayumo. Mke wangu hayumo. Mimi tu, nikidondosha diski, nikiinama kuiokota, nikiipuliza.

Kumbe ndiyo hiyo. Wanakaa hapa wawili, kwenye kochi langu, wananitazama wakicheka.

"Fundi."

Mke wangu alikuwa mlangoni na mfuko wa vikasha.

"Mnanicheka," nilisema.

"Fundi, sikiliza..."

"Nina uso wa kuchekesha kiasi hicho? Mpaka mnanirekodi?"

Aliweka mfuko chini, akaja kukaa sakafuni karibu yangu. Alirudisha nyuma mpaka kwenye vichekesho.

"Usitazame uso. Tazama mkono."

Nilitazama. Kwenye picha nilikuwa nacheka, nimestarehe, sina hasira na mtu yeyote. Lakini mkono wa kulia, uliolala gotini bila kazi, ulikuwa unatikisika. Kidole gumba kinasugua kidole cha shahada, kinasugua, kinasugua, kama mtu anayeviringisha kitonge cha udongo kisichoonekana.

Nikatazama mkono wangu uliolala pajani. Ulikuwa unafanya vilevile.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ukasema uchovu. Nikasema twende hospitali, ukasema una kazi za watu." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayepanga vyombo asivivunje. "Dada yake Fokasi ni daktari wa mambo haya. Alisema anataka akuone wakati hujui unatazamwa, maana ukijua unajikaza. Tumpelekee, halafu tuongeze kila mwezi, alinganishe. Ndiyo sababu mama sijamfunga. Yule tuliyempeleka leo ni mtoto wa daktari."

"Aliyempeleka ni Fokasi."

"Ndiyo. Na daktari amesema kesho asubuhi twende wote. Nilikuwa nakwambia leo jioni. Nilikuwa natafuta maneno."

Najua nilitakiwa kuhisi nini. Mtu mwingine angelia, au angemshika mkono. Mimi nilimwuliza hivi:

"Kwa nini ulimwambia Fokasi kabla yangu?"

"Sikumwambia. Yeye ndiye aliyeniambia mimi." Akainamisha kichwa. "Nalala na wewe kila siku, sikuona. Yeye aliona kupitia kamera."

Hilo liliniingia kuliko ile habari ya mkono. Mgonjwa ni mimi, mke ni wangu, na wa kwanza kujua ni mwanamume anayetafuna ubani. Kwa muda wote huo walikuwa na siri moja, na siri hiyo nilikuwa mimi. Walipigiana simu juu yangu. Walihofu pamoja. Kuna watu wanalala kitanda kimoja miaka na miaka hawajawahi kuhofu pamoja.

Lakini nilijizuia. Alikuwa amefanya yote kwa ajili yangu, na machozi yalikuwa yameshaanza kumlenga. Niliweka mkono wangu, ule ule, juu ya mkono wake. Akaubana usitikisike.

"Basi," nilisema. "Kesho tutakwenda."

"Kweli?"

"Kweli. Ngoja nimtoe mama."

Nilichukua rimoti nizime. Hapo ndipo mazoea yaliponishika. Sijawahi kutoa diski kwenye mashine bila kutazama mwisho wake. Kidole kiliruka chenyewe hadi sehemu ya mwisho.

"Hiyo niliongeza juzi, baada ya kumfunga mtoto," alisema. "Niliunganisha kamera ya Fokasi na deki, nikabonyeza rekodi, nikaenda kuanua nguo. Sijaitazama."

Ulikuwa mkono wangu, peke yake, juu ya meza ya duka. Picha safi, mpaka kucha zinahesabika. Unatikisika. Nyuma yake, mbali, kama moshi, alikuwepo mke wangu anabandika lebo.

Nilitaka kuzima. Kisha mkono ukaanza kufifia.

Taratibu, bila kamera kutikisika hata kidogo, mkono wangu uliingia ukungu, na mke wangu akatoka kwenye ukungu. Kwanza shingo. Halafu sikio. Halafu jasho dogo juu ya mdomo wake, ambalo mimi nilidhani nalijua peke yangu. Mgonjwa alibaki kivuli chini ya picha. Mke wangu alijaa kioo kizima.

Safari hii hakuna aliyesema ngoja fokasi ikae. Ilikaa yenyewe. Ilikaa, ikakaa.



"Fundi," alisema polepole. "Sikujua."

Na mimi nilimwamini. Nilikuwa tayari kumwamini hata kwa hilo. Mtu hawezi kulaumiwa kwa jinsi anavyotazamwa.

Kwenye picha, mkono wake ukasita juu ya lebo. Alihisi anatazamwa. Kidevu kikaanza kuinuka, taratibu, kope zikafuata. Bado kidogo macho yake yakutane na kamera, na nione alimtazama vipi mtu aliyekuwa nyuma yake. Alimkunjia uso, au...

Kioo kikawa cha buluu.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya deki, kidole kwenye kitufe.

"Kazi ya watu imekaa tangu asubuhi," alisema bila kugeuka. "Harusi ya mwenye saruji. Hukuchoma hata mtoto mmoja."

"Irudishe."

"Kesho, Fundi. Tukitoka kwa daktari."

Uani dada aliacha kukung'uta nguo. Dukani mnara ulikuwa umenyamaza, droo zake wazi kama nilivyouacha, mama wa watu juu, watoto chini, wanasubiri. Mkono wangu ulikuwa unasugua, unasugua.

"Kama hujaitazama," nilimwuliza mke wangu, "umejuaje pa kuzima?"